Kitoweo cha Alhamisi Kiamuliwe Jumamosi: Namna ya Kupunguza Hekaheka za Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au Duga, kuna maswali yanayoulizwa kila siku na kujibiwa upya kila siku, kana kwamba jana hayakuwapo: leo kitoweo nini, nani anampeleka mtoto madrasa, umeme umebaki uniti ngapi, shati la shule liko wapi, jirani anayeozesha apewe kiasi gani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo gumu. Uzito wake unatokana na saa yanapoulizwa, kwa kuwa swali la kitoweo huja jua likiwa limeshapanda na fedha ya mkononi imeshapungua, na swali la shati huja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto akiwa na soksi mguu mmoja na bajaji ikipiga honi nje. Mwongozo huu unahusu namna ya kuyajibu maswali ya aina hiyo mapema, jibu moja likafaa kwa muda mrefu, watu wakiwa wameshiba na hawana haraka, ili saa ya kutenda ibaki kuwa ya kutenda tu.

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba mtu ana akiba ya nguvu ya kujizuia na kuamua, na kwamba akiba hiyo hupungua kutwa nzima hadi jioni anakuwa hana kitu. Nadharia hiyo, iliyoenezwa hasa na mwanasaikolojia wa Marekani Roy Baumeister, haikusimama vizuri ilipopimwa upya. Jaribio la pamoja la maabara 23, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, halikuona athari ya maana. Kwa hiyo sitamwambia mama yeyote kwamba akili yake imeishiwa nguvu kwa sababu amechagua kati ya mchicha na matembele. Sababu ninayoiamini ni ya kawaida zaidi: uamuzi unaofanywa kwa njaa au kwa haraka hugharimu fedha nyingi zaidi, huzaa maneno, na mara nyingi humwangukia mtu yuleyule. Lenye kufaa zaidi kwetu ni jambo alilolionyesha mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer katika makala yake ya mwaka 1999, kwamba anayesema mapema “likitokea hili, nitafanya lile” hutimiza azma yake mara nyingi zaidi kuliko anayeazimia kwa jumla tu. Karibu kila kitakachofuata kimejengwa juu ya sentensi ya namna hiyo.

Kikao cha kwanza

Kabla ya kuamua lolote, ni vyema kujua ni yapi hasa yanayojirudia. Bandikeni karatasi moja karibu na mlango wa jiko, na kwa wiki moja kila swali linaloulizwa ndani ya nyumba kuhusu shughuli za kawaida liandikwe pale, pamoja na jina la aliyeulizwa. Safu ya majina ndiyo yenye mafunzo makubwa. Katika nyumba nyingi itaonekana kwamba maswali yote, au karibu yote, yameelekezwa kwa mtu mmoja, hata yale ambayo muulizaji angeyajibu mwenyewe kwa kufungua kabati. Baba aliyezoea kusema kwamba nyumba yake inajiendesha yenyewe ataisoma karatasi hiyo na kuona ni nani anayeiendesha.

Wiki ikiisha, wenye nyumba wakae. Wakati mzuri ni Ijumaa alasiri, watu wakiwa wamekwisha kula cha mchana, au usiku baada ya Isha watoto wadogo wakiwa wamelala. Mwisho wa mwezi haufai, kwa sababu fedha imekwisha na kila jibu litakuwa la kubana; siku ya mshahara nayo haifai, kwa sababu kila jibu litakuwa la ukarimu. Wanaohusika wawepo wote: bibi kama anaishi humo, watoto waliofika darasa la nne au la tano, na dada wa kazi. Huyu wa mwisho husahauliwa, ilhali ndiye anayejua kwamba bomba la uani hutoa maji kwa nguvu alfajiri tu, kwamba mkaa wa gunia la juzi una unyevu, na kwamba haiwezekani kufua sare na kuunga mchuzi kwa saa ileile. Ratiba inayopangwa bila yeye kuulizwa haidumu, na siku yake ya mapumziko iandikwe kabla ya jambo lingine lolote, badala ya kutafutiwa nafasi itakayobaki.

Katika orodha iliyopatikana, chagueni mambo matatu tu ya kuanzia. Yawe ni yale yanayorudi angalau mara moja kwa wiki, ambayo jibu lake halibadiliki sana, na ambayo yakikosewa hasara yake ni ndogo. Kitoweo kina sifa zote tatu. Uchaguzi wa shule ya sekondari hauna hata moja. Wanaoanza na mambo kumi na tano kwa mpigo hujipatia jedwali zuri la kalamu za rangi, ambalo baada ya muda mfupi huwa pambo la ukutani.

Kila uamuzi uandikwe kwa sentensi iliyokamilika, inayotaja ishara ya kwamba wakati umefika, jambo la kutenda, mtendaji, na la kufanya iwapo jambo hilo halitawezekana. Chukueni umeme kwa mfano. “Tusiache umeme ukatike” ni dua. Uamuzi ni huu: “Mita ikionyesha uniti 15, atakayeiona amwambie baba, na baba anunue kwa simu usiku huohuo kutoka katika fungu la nyumba; baba akiwa safarini, atanunua mama.” Tarakimu 20 za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, zinazoletwa kwa ujumbe wa simu zitumwe kwenye kundi la familia, ili aliye nyumbani aziingize bila kumsubiri aliye kazini apokee simu. Uniti 15 ni mfano tu. Someni mita yenu saa ileile kwa siku mbili mfululizo, mjue mnatumia kiasi gani kwa siku, kisha mweke kiwango kitakachowapa angalau siku tatu za nafasi. Gesi haina mita, kwa hiyo inahitaji ishara nyingine. Mwenye uwezo awe na mtungi mdogo wa kilo 6 kando ya ule wa kilo 15, na siku mkubwa unapoisha, mdogo uwashwe na mkubwa upelekwe kubadilishwa kabla ya siku mbili kupita. Asiye na mtungi wa pili aandike kwa chaki tarehe aliyoufunga, na baada ya kuubadilisha mara mbili tatu atajua unadumu kwa muda gani.

Ishara nzuri ni ile isiyomhitaji mtu kukumbuka. Saa ya ukutani ni ishara dhaifu, kwani mtu anaweza kupita chini yake kutwa asiitazame. Sisi tunayo iliyo bora zaidi. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo saa ya jua kuchwa haibadiliki sana kwa mwaka mzima: ni kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi. Adhana ya Maghribi basi ni kengele ya mji mzima, ya Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Ikisikika, watoto waingie ndani, vyandarua vishushwe, sare za kesho zitundikwe mahali pake, na simu ya atakayesafiri alfajiri iwekwe kwenye chaji. Nyumba ikishazoea mambo hayo, mama hatalazimika tena kupaza sauti ili yatendeke.

Kitoweo

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko popote. Anzeni kwa kuvigawa vyakula kwa kadiri ya muda vinavyokaa. Mchele, sembe au dona, maharage, sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai na sabuni ni vitu vya mwezi. Vinunuliwe mara moja, siku ya pili au ya tatu baada ya mshahara, na vihifadhiwe katika vyombo vyenye vifuniko vya kubana. Vitunguu, nyanya ngumu, viazi, ndimu na nazi ni vya wiki, na siku yake ni Jumamosi asubuhi, Soko la Mgandini au Ngamiani, jua likiwa bado halijakuwa kali. Kinachobaki kwa kila siku ni mboga za majani na kitoweo. Nyumba inayonunua mchele kilo moja kila jioni kwa mangi, mwenye duka la mtaani, hulipa bei ya rejareja mwezi mzima, na zaidi ya hapo humtoa mtoto kwenye daftari lake kila jioni. Najua kwamba anayelipwa kwa siku, kama dereva wa bodaboda au mama anayeuza maandazi, hawezi kununua vya mwezi kwa mpigo. Yeye achukue kitu kimoja kwa wingi kila wiki, wiki hii mchele, ijayo mafuta, inayofuata maharage, na baada ya mwezi mmoja na nusu hivi atakuwa na ghala dogo bila ya kukopa.

Jedwali la wiki lisitaje mapishi, litaje aina. Mkiandika “Jumatano: changu wa kupaka”, siku changu watakapokosekana jedwali limevunjika; lakini mkiandika “Jumatano: cha baharini”, mnunuzi ana uhuru wa kurudi na vibua, tasi, ngisi au dagaa kwa kadiri ya bei. Familia moja ya Makorora ninayoifahamu imepanga hivi: Jumatatu ni ya maharage, kunde, choroko au mbaazi, Jumanne ni ya mboga za majani na ugali, Jumatano na Alhamisi ni za baharini, Ijumaa ni pilau au wali na nyama, kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu wote wanakula pamoja mchana, Jumamosi ni bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa chochote kilichopatikana sokoni asubuhi hiyo, na Jumapili watoto wanachagua kwa zamu. Karatasi yao ina madoa ya mafuta, na neno “nyama” la Jumanne limekatwa kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa bajeti ilikataa. Ndivyo jedwali linalotumika linavyopaswa kuonekana.

Kwa siku za baharini, mpangaji wa Tanga ana msaada ambao mwenzake wa Dodoma hana, nao ni kwamba bahari ina ratiba inayofuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, na taa hupoteza nguvu zake mbalamwezi ikiwa imeangaza; kwa hiyo katika siku zinazozunguka mwezi mpevu, takriban tarehe 13 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, dagaa wabichi huwa haba. Pweza wengi nao hukamatwa na watu wanaotembea kwa miguu juu ya miamba, maji yakiwa yametoka sana, na maji hutoka sana wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na zile zinazofuata mwezi mpevu. Kalenda nyingi zinazotundikwa katika nyumba za huku huonyesha tarehe za Kiislamu kando ya zile za kawaida, kwa hiyo mpangaji anaweza kuzungushia duara siku za pweza, na kuweka alama ya kukata siku zisizo za dagaa, kabla mwezi haujaanza. Kusi nayo ihesabiwe. Inapovuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na bei hupanda. Katika miezi hiyo siku mbili za baharini zifanywe moja, na ile nyingine iwe ya dagaa wakavu au ng'onda walionunuliwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari.

Anayekwenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi, vyombo vinaporudi, aende na bei ya mwisho iliyoamuliwa nyumbani. Mnadani samaki humwagwa chini kwa mafungu, dalali hupandisha bei kwa kasi, na asiye na kikomo hubebwa na sauti za wenzake hadi akajikuta amenunua fungu la watu kumi na wawili kwa ajili ya nyumba ya watu sita. Kikomo kiandikwe juu ya karatasi ileile ya orodha. Bei ikikivuka, aondoke apite gengeni kuchukua mayai, na nyumbani hakuna atakayemhoji, kwa sababu mayai yalikwisha kuandikwa kuwa mbadala wa siku ya baharini. Sehemu hii ya mbadala hupuuzwa na wengi, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote: jedwali lisilo na mbadala humrudisha kila mtu kwenye swali lilelile la saa nne asubuhi, tena akiwa na hasira.

Siku ya maharage huanza jana yake. Anayefunga jiko Jumapili usiku ndiye anayeloweka. Asubuhi maji ya kulowekea yamwagwe, maharage yatiwe maji mapya, yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10, ndipo moto upunguzwe yaive taratibu. Dakika hizo zina maana yake, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Kuloweka kunafupisha muda wa kuiva na kunapunguza mkaa, na mwenye friji ya kugandisha anaweza kuchemsha ya wiki mbili, akagandisha nusu kabla ya kuyaunga na tui.

Kiporo nacho kiamuliwe. Wali uliobaki usiku usilale ndani ya sufuria mezani hadi asubuhi, kwa kuwa katika joto letu vijidudu huzaliana upesi na sumu ya baadhi yao haiondoki hata ukiupasha moto. Uingizwe kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili tangu kuiva, ukiwa umetandazwa katika chombo kipana ili upoe haraka. Asiye na friji apike kwa kipimo cha kumalizwa.

Mgeni wa ghafla hapaswi kuwa msiba. Itengwe akiba isiyoguswa na wenyeji: pakiti mbili za tambi, mayai, unga wa ngano, sukari kidogo. Akiingia saa ya chai, apikiwe tambi za sukari au chapati za maji. Akiingia saa ya kula, akaribishwe kilichopo, kiongezewe mayai. Kilichotumika kirudishwe Jumamosi inayofuata. Hatakuwapo tena mtoto wa kutolewa kwa mlango wa uani na noti iliyokunjwa mkononi, huku mgeni akijifanya haoni.

Asubuhi ya shule

Hapa maneno ni machache, kwa kuwa wengi wanayajua na tatizo ni utekelezaji. Kila mtoto awe na mashati mawili meupe, moja likivaliwa lingine liwe limeshapigwa pasi; wakati wa masika, Machi hadi Mei, nguo hazikauki kwa siku moja, na shati la tatu huwa nafuu kuliko ugomvi. Viatu vipigwe rangi na mwenyewe. Begi likae mlangoni tangu usiku, likiwa na kila kilichotakiwa na mwalimu. Kifungua kinywa kiwe cha aina mbili tu kwa kupokezana, uji siku moja na chai na muhogo wa kuchemsha au maandazi siku nyingine, na suala hilo lisijadiliwe asubuhi.

Hela ya shule inaleta mjadala. Mimi napendelea waliofika darasa la tano wapewe ya wiki nzima Jumapili usiku. Atakayeimaliza Jumanne kwa ubuyu na barafu abebe muhogo wa nyumbani kuanzia Jumatano, na mzazi anyamaze asitoe hotuba. Wapo watakaosema kwamba ni ukali kwa mtoto. Naona ni afadhali akosee kwa fedha ya ubuyu sasa kuliko kwa mshahara baadaye.

Fedha za shughuli

Pwani hatuwezi kuishi bila shughuli za watu, na sidhani kwamba yupo anayetaka. Lakini mchango unaoamuliwa kadi ikiwa mkononi, mleta kadi akiwa amekaa sebuleni, hutoka mkubwa kuliko uwezo, au hutoka mdogo kwa ndugu aliyestahili zaidi kwa sababu wa mbali aliwahi kuja. Mume na mke wakae mwanzoni mwa mwaka, waamue kiasi ambacho nyumba yao inaweza kukitenga kila mwezi kwa ajili ya watu, kisha wagawe watu katika madaraja matatu: ndugu wa damu, majirani na marafiki wa karibu, na wengine wote, kila daraja na kiwango chake. Viwango hivyo wavijue wawili tu. Kadi inapoletwa, anayeipokea aseme, “Tumepokea, tutaleta wenyewe Ijumaa,” na asitaje kiasi papo hapo. Ahadi iliyoandikwa kwenye daftari la kamati huwa deni, na deni la harusi husemwa hadi kwenye harusi nyingine. Sare za shughuli, ambazo zimekuwa mzigo kwa kina mama wengi, ziwekewe kanuni ileile: zinunuliwe za ndugu wa damu, na kwingine mtu aende na dera au kanga nzuri aliyonayo.

Rambirambi iwe na fungu lake, lisichanganywe na la harusi, kwa kuwa harusi hutangazwa miezi kabla na msiba hautoi taarifa. Kwa walio katika upatu, zamu iombwe mapema iangukie Januari, wakati daftari, viatu na sare vinapohitajika kwa siku zilezile.

Homa ya usiku

Mtoto anapopata homa usiku wa manane, nyumba hujaa ushauri: mmoja anataka maji ya uvuguvugu, mwingine anatafuta dawa iliyobaki mwaka jana, wa tatu anapendekeza kusubiri kupambazuke. Mambo haya yaamuliwe mchana wa siku ambayo hakuna mgonjwa. Andikeni ni zahanati au kituo kipi cha afya kilicho karibu kinachofanya kazi usiku, nani anayekwenda na mtoto na nani anayebaki na wengine, namba za madereva wawili wa bajaji mnaowaamini, mahali inapokaa kadi ya bima na kadi ya kliniki, na fedha ya dharura iko wapi, ya noti, kwa kuwa mtandao wa simu hauna adabu saa nane za usiku.

Mipaka nayo iandikwe. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kabla ya saa 24 kupita tangu homa ilipoanza, badala ya kupewa dawa kwa kukisia. Lakini mtoto mdogo aliyeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, hasubiri adhana ya alfajiri wala rai ya mtu yeyote. Apelekwe saa hiyohiyo, na kwa wakazi wa mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo kubwa iliyo karibu. Bibi asikilizwe katika mengi, na aelezwe mapema, kwa heshima, kwamba katika hili uamuzi ulikwisha kufanyika.

Yasiyopangwa, na marekebisho

Si kila kitu kiingie kwenye karatasi. Mtoto anapokosa, adhabu iliyopangwa kabla ya kosa haimwangalii mtoto aliye mbele yako. Jumapili jioni, familia inapoteremka ufukweni Raskazone kula mihogo ya kukaanga na kutazama bahari, iachwe bila ratiba, na bila mtu wa kutaja saa ya kurudi. Wazee wanaokuja kusalimia wakae watakavyo. Ninawashuku watu wanaopanga hadi mapumziko, kwa sababu nyumba ya namna hiyo huwa na kazi moja zaidi, ile ya kuitumikia ratiba.

Ramadhani inahitaji jedwali lake yenyewe, kwani karibu kila ishara inahama: Maghribi inakuwa saa ya kufuturu badala ya saa ya kushusha vyandarua, dada wa kazi anaamka daku, na soko la jioni linajaa magimbi, viazi vitamu na tambi. Lichorwe wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo jedwali la mwaka jana linaweza kukutana na muhula wa shule mwaka huu, na sehemu ya watoto ikalazimika kuandikwa upya.

Kwa miezi mingine, karatasi iandikwe kwa penseli. Uamuzi uliovunjwa mara tatu mfululizo ubadilishwe bila kumtafuta mwenye kosa. Mara nyingi ishara yake ilikuwa mbaya, au mtendaji aliyetajwa hakuwapo nyumbani saa hiyo. Aliyeona umevunjwa aweke alama pembeni, basi, na mazungumzo yasubiri kikao. Kikao cha kurekebisha kiwe baada ya wiki sita, mshahara wa pili ukiwa umekwisha kuingia na kutumika, kwa sababu mwezi wa kwanza kila mtu hujitahidi kwa ajili ya upya wa jambo, na ni mwezi wa pili unaoonyesha kama kiwango cha umeme, kikomo cha samaki na fungu la shughuli vilipimwa sawasawa. Hapo ndipo mambo matatu mengine yanapoweza kuongezwa kwenye orodha.